Sufu ya Watu wa Baridi

Mama yangu alikuwa na desturi ya kuwaombea watu asiowajua. Katika jumuiya yetu ndogo ya Mutuka, zamu yake ya kusali ilipofika, aliwataja wagonjwa wa mtaa, akataja mvua, akataja watoto wa shule, kisha akamalizia, "Na watu wa baridi, Bwana, uwakumbuke." Waliokuwa wageni katika jumuiya walidhani anawasema ndugu zetu wa milimani Mbulu, ambako mwezi wa saba mtu huamka akakuta majani yameganda kwa umande. Hapana. Aliwasema wateja wetu.

Biashara yetu ilikuwa sufu ya kondoo. Watu wengi wa Babati hawakupata kuisikia, maana haikuwa na kibao barabarani wala duka mjini. Kondoo wa huku kwetu wengi wana nywele fupi tu, na mtu hawaangalii mara mbili ila anapofikiria supu. Lakini juu milimani, upande alikozaliwa mama, zamani mradi mmoja ulileta madume wa kizungu wenye manyoya mazito. Wakazaliana na wa kienyeji. Mradi ukaondoka, manyoya yakabaki. Watu waliwachinja kondoo wale wakala nyama, manyoya wakayajaza kwenye mito ya kulalia au wakayaacha mbwa wayavute uani. Mama alikuwa mmoja wa wachache waliojua kuyasokota, kwa kuwa masista walimfundisha alipokuwa msichana, na mikono yake haikusahau.

Baba alifariki nikiwa bado chuo cha ualimu. Mama akabaki na shamba la mahindi na mbaazi, na ghala tupu nyuma ya nyumba. Mimi nilipopangiwa shule Bonga nilirudi kukaa naye, na baadaye nikamleta binti yangu mdogo akue mikononi mwa bibi yake. Ndivyo tulivyokuwa pale nyumbani, wanawake watatu wa umri tofauti, siku mama mmoja wa kizungu alipoletwa na paroko kuangalia shali nyeusi ambayo mama yangu alikuwa akijifunika kila asubuhi akienda misa.

Yule mama alikuwa na duka la nguo za mkono kwao. Aliishika shali, akaigeuza, akainusa, akaniuliza kwa Kiingereza ni rangi gani imetumika. Nikamwambia haikutiwa rangi, ni rangi ya kondoo mwenyewe. Akakaa chini kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alisema watu wa kwao wanatafuta kitu cha namna hiyo, kitu ambacho kiwanda hakikukigusa. Miezi michache baadaye akarudi na oda. Sisi tulimwita Mgeni, na hata alipokuwa amekuja miaka mingi na kujua njia ya chooni bila kuelekezwa, aliendelea kuitwa Mgeni.

Ghala likawa karakana. Wanawake wa mtaa walijiunga, mama akawafundisha. Sufu ilishuka kutoka milimani ndani ya magunia, juu ya paa la basi, ikinuka mafuta ya kondoo na moshi wa jikoni. Tuliilowesha kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, bila kuisugua, kwa sababu ukiisugua inashikamana na kuwa kama kipande cha godoro. Ikikauka tuliichambua takataka, tukaichana kwa brashi za waya, ndipo ikasokotwa kwenye magurudumu ambayo fundi seremala wa Bonga aliyatengeneza kwa ringi za baiskeli. Kazi yangu mimi, Jumamosi na wakati wa likizo, ilikuwa kutafsiri. Maneno ya Mgeni yalipita kwangu kwenda kwa akina mama, na ya akina mama yalipita kwangu kwenda kwake.

Mwaka mmoja alituletea picha. Moja ilimwonyesha mzee amesimama mbele ya nyumba yake, theluji imemfika magotini, shingoni amejizungushia shali iliyofumwa kwenye ghala letu. Mama aliishika picha ile kwa muda mrefu.

"Hawa wanaishi hivi?" akaniuliza.

"Miezi kadhaa kila mwaka, mama."

"Na ng'ombe wao?"

Nikamtafsiria Mgeni. Akacheka, akasema ng'ombe wanalala ndani ya banda kubwa lenye taa na joto.

Mama hakucheka. "Basi afadhali," akasema. "Na wazee wao je?"

Mgeni alifikiri kidogo. Akasema wazee wengi wanaishi peke yao.

Kuanzia siku hiyo mama alisokota kama mtu anayemhudumia mgonjwa. Uzi ukikatika alikunja uso, utadhani kuna mtu kule mbali amefunuliwa blanketi. Na hapo ndipo watu wa baridi walipoingia katika sala zake.

Sufu yetu nyingi ilitoka kwa mjomba, mdogo wake mama, kitinda mimba wa kwao. Mama yao alipougua, mama yangu ndiye aliyembeba mjomba mgongoni mpaka akaweza kutembea, kwa hiyo alikuwa kwake nusu mdogo na nusu mtoto. Mjomba alikuwa na mbuzi wengi na kondoo wachache. Oda zilipoongezeka, mama alipanda gari kwenda kumwona, nami nilikuwepo.

"Uza mbuzi," akamwambia. "Ongeza kondoo wa manyoya."

"Mbuzi wananisomeshea watoto, dada."

"Kondoo watawasomesha vizuri zaidi."

Mjomba alichokonoa moto kwa kijiti. "Na hao watu wakiacha?"

"Wakiacha nini? Kusikia baridi?"

Wote wawili wakacheka. Mjomba aliuza mbuzi msimu ule. Eneo alilokuwa akilima viazi akaliacha lote liwe malisho. Na kweli mambo yalikwenda. Alijenga nyumba ya matofali, sisi tukaezeka upya, wanawake wa karakana wakawa wanaheshimiwa na waume zao kwa namna mpya. Kila Jumapili baada ya misa mama alimpigia mjomba simu, wakazungumza kwa lugha yetu ya nyumbani juu ya kondoo mmoja mmoja, yule anayechechemea, yule mwenye doa, yule anayekataa mwanawe. Binti yangu alijifunza lugha ile kwa kusikiliza simu hizo, ndiyo maana hadi leo maneno anayoyajua zaidi ni ya kondoo.

Kisha ukaja ugonjwa uliofunga viwanja vya ndege, na Mgeni hakuja. Mzigo ulikaa. Ndege ziliporudi, oda ilirudi nusu. Mwaka uliofuata ikapungua tena. Sisi watu wa Babati si wageni wa mambo ya soko la nje, mbaazi zimekwisha kutufundisha. Unaambiwa lima, unalima, kisha mtu katika nchi ambayo hujui iko upande gani wa jua anabadilisha mawazo. Lakini kwa sufu tulijipa moyo kwamba hili lilikuwa jambo letu na Mgeni, watu waliokunywa chai pamoja.

Alikuja mara ya mwisho mwezi wa kiangazi. Mama alikuwa ametundika shali mpya kwenye kamba kutoka ukuta mpaka ukuta, kijivu, kahawia, nyeusi iliyopaushwa na jua, nyeupe yenye rangi ya maziwa. Mgeni alipita akizigusa moja baada ya nyingine. Kawaida yake kila aliyoigusa alisema "nzuri," neno la Kiswahili alilolipenda. Safari hii hakusema. Akina mama walioketi kwenye mikeka waliliona hilo kabla sijatafsiri chochote.

Alikaa, akaomba nitafsiri polepole. Duka lake amelifunga. Alijaribu kuliendesha kwa mkopo, akashindwa. Vijana wa kwao hawataki tena sufu, wanasema inawasha shingoni, ni nzito, inataka kufuliwa kwa mkono na nani ana muda. Ndani ya nyumba zao kuna joto siku hizi, na wakitoka wanaingia kwenye gari. Wanataka nguo nyepesi, ya bei ndogo, unaitupa kwenye mashine ikitoka unavaa. Na wale wachache wanaotaka sufu wanaipata ya viwandani, inayotoka kwenye nchi za makundi makubwa ya kondoo, ambako hata wafugaji wenyewe wanalia kwamba bei ya manyoya haitoshi kumlipa anayekata.

Nilitafsiri kila sentensi kama ilivyokuja. Nilikuwa nimezoea kutafsiri vipimo na rangi, sasa mdomo wangu ulikuwa mzito. Kuku aliingia, akatoka.

Mama akasema, "Muulize, kwao baridi imeisha?"

Nikauliza. Mgeni akatikisa kichwa. "Haijaisha," alisema. "Imepungua kidogo, lakini haijaisha."

"Sasa wanavaa nini?"

Nilipomtafsiria hilo, Mgeni aliinua mkono kutaka kuonyesha, akashika ukosi wa jaketi lake mwenyewe. Lilikuwa moja la yale majaketi laini, mepesi, yenye manyoya manyoya ya kiwandani, rangi ya bluu. Nafikiri alikuwa amelivaa asubuhi ile pale hotelini bila kufikiri. Aliuachia ukosi haraka, uso ukamwiva. Akina mama wote walikuwa wameona. Kisha machozi yakamtoka, akawa anayafuta kwa kiganja, na hakuna aliyejua kama ni sisi tunaopaswa kumbembeleza au yeye atubembeleze.

"Mwambie anywe chai," mama akasema. "Inapoa."

Baada ya hapo karakana haikufa kwa siku moja. Mmoja alisema mtoto anaumwa, hakurudi. Mwingine akaanza kukaanga samaki kule karibu na ziwa, mwingine akafungua genge la mboga stendi. Walikuwa wakinikuta njiani wakinisalimia kwa furaha iliyozidi kiasi, wakiuliza hali ya mama, kisha wakikumbuka kwamba wana haraka. Sikuwalaumu. Mama naye hakuwalaumu. Aliendelea kuingia ghalani kila asubuhi, akasokota peke yake, na mlio wa gurudumu ulinifikia jikoni nikiandaa uji.

Nilijaribu. Nilipiga picha za shali nikazituma kwa kila mtu aliyewahi kunipa namba. Nilipanda basi mpaka Arusha, nikazungukia maduka ya watalii. Mwenye duka mmoja aliniambia kwa upole kwamba mtalii hununua kitu kinachoingia kwenye kona ya begi, na shali ya mama yangu inataka begi lake lenyewe. Mwingine alichukua mbili za majaribio, na nilipopita tena alinirudishia zikiwa zimekunjwa vilevile nilivyozikunja mimi.

Kisha nondo wakaingia. Tulifungua gunia moja tukakuta vipepeo vidogo vya rangi ya vumbi vinaruka usoni mwetu, na sufu iliyokuwa ndani imekuwa unga. Tulianika yote juani, tukatia majani ya mwarobaini, lakini nondo akishaonja sufu haondoki. Mama alikuwa akiwaua kwa vidole, mmoja mmoja, na nilipomwambia waache mama, alisema, "Angalau hawa wanaitaka."

Mwanangu ana kifua. Ulipofika msimu wa baridi nilikwenda mnadani kumtafutia nguo nzito, na mama akanisindikiza. Kwenye rundo la mitumba lililotandazwa kwenye turubai niliona jaketi la mtoto, laini, jekundu. Nikalichukua kabla sijafikiri. Mama akanipokea, akalipapasa, akaingiza kiganja ndani ya mkono wa jaketi, akakifumba na kukifumbua.

"Lina joto," akasema. "Ni manyoya ya mnyama gani?"

"Si mnyama, mama. Ni plastiki. Wanayeyusha hata chupa za maji, wanavuta uzi."

Alinitazama kuona kama ninamtania. Muuzaji, kijana mwenye kipaza sauti shingoni, alicheka na kusema, "Kweli bibi, hiyo ni chupa ya maji hiyo. Ila haiishi, utamwachia mjukuu wa mjukuu."

Nikataka kulirudisha. Mama akakataa kuliachia. "Mnunulie," akasema. "Ana kifua." Njia nzima alilishika yeye, amelikunja kwapani, mpaka nyumbani.

Kitu kimoja mama hakukifanya, nacho ni kumwambia mjomba. Nilimwambia amwambie. Akajibu, "Nitamwambia mimi mwenyewe. Ni mdogo wangu." Lakini kila Jumapili nilimsikia akisema kwenye simu, subiri kidogo, mzigo uliopo haujaondoka, usikate bado. Mjomba alisubiri, maana aliambiwa na dada yake. Msimu wa kukata ukapita kondoo wakiwa na manyoya yao. Masika yakaanza.

Asubuhi moja ya Jumamosi simu yangu iliita, si ya mama. Alikuwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Niambie wewe uliyesoma, dada ananizungusha. Hawa watu wa sufu wapo au hawapo?"

Mama alikuwa uani anaanua kuni. Nilimwona kupitia dirishani.

"Hawapo, mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Kiangazi."

Mjomba akasema jike mmoja amekutwa amelala chali mferejini, manyoya yamelowa maji na tope, akashindwa kuinuka, amekufa hivyo. Wengine wana funza mgongoni, nzi wametaga ndani ya manyoya. Akakata simu bila kuaga.

Nilipomweleza mama, aliweka kuni chini. Hakuuliza kwa nini nimesema. Aliingia ndani akatafuta mikasi ya kukatia kondoo, akaifunga kwenye kanga. Kesho yake tulipanda basi la Mbulu, tukapanda ule mlima wa Dareda ndani ya ukungu. Dereva aliwasha taa ingawa ilikuwa mchana.

Sijui nieleze vipi tulichokikuta. Kondoo walisimama zizini vichwa chini, kila mmoja amebeba mzigo wa manyoya yaliyoshikamana na samadi, na harufu ilikutana nasi kabla ya zizi. Mke wa mjomba alitupokea, akatukaribisha chai. Mjomba alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio. Alimwamkia dada yake kwa sababu hakuna namna ya kutomwamkia, kisha akageuka.

Mama hakunywa chai. Alikaa chini kwenye tope, nikamletea kondoo wa kwanza, akambana kati ya magoti, akaanza kukata. Manyoya yalitoka kama zulia lililooza. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, yenye vidonda. Alipaka dawa, akamwachia, akasema, "Mwingine." Mvua ilianza, hakuhama. Baada ya muda mjomba aliruka uzio, akaja kushika miguu ya kondoo badala yangu, kwa sababu mimi nilikuwa nashindwa. Walifanya kazi hivyo, vichwa vyao karibu kugusana, hawatazamani.

"Uliniambia niuze mbuzi," mjomba akasema hatimaye.

"Nilikuambia."

"Leo mbuzi wangeuzika."

"Najua."

"Ungesema tu, dada. Ungesema hawapo. Ningekata mwenyewe nikatupa. Kondoo wasingeoza wakiwa hai."

Mkasi wa mama ulisimama. "Niliona aibu," akasema. "Nilikubeba mgongoni. Sikujua nitakuambiaje."

"Basi aibu yako imekula kondoo wangu."

Mama akaendelea kukata. Sikuwahi kumwona mama yangu akiambiwa neno na mdogo wake.

Tulipomaliza, uwanja ulikuwa umejaa manyoya na kondoo walikuwa wadogo, wembamba, wakitetemeka. Mjomba alikuwa ameshaongea na mfanyabiashara wa nyama. Lori lilikuja siku iliyofuata, mfanyabiashara akawashikashika migongo, akasema ni vizuri wamenyolewa, manyoya huwa yanamdanganya mtu. Wakapakiwa. Mama alisimama mlangoni mpaka lori likakata kona. Manyoya nayo, mke wa mjomba na watoto wake waliyakusanya kwa mapanga na reki wakayasukumia kwenye korongo lililokuwa likila shamba lao kila masika. Waliyakandamiza kwa matawi na mawe. "Angalau yatazuia udongo," mke wa mjomba aliniambia, kwa sauti ya chini, ili mama asisikie. Lakini mama alikuwa amekuja nyuma yetu. Alitazama korongo, akasema kazi hiyo itafaa, akarudi kuchukua mkoba wake.

Kwetu mgeni husindikizwa mpaka barabarani, hata awe adui. Siku ile tulisindikizwa na watoto. Mjomba alikuwa zizini, anafagia.

Mazungumzo ya Jumapili yalikoma. Mama alikuwa bado anapiga. Mara nyingi ilipokelewa na mke wa mjomba, akisema yuko shambani, yuko kwa jirani, amelala. Mama alimsalimia mke, akauliza watoto, akakata. Kisha alikaa na simu mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa jina kwenye foleni ya hospitali. Mara moja nilichukua simu yangu nikampigia mjomba mwenyewe, nikamwomba aongee naye. Alisema, "Mwambie nimemsamehe." Nikamwambia amwambie yeye. Akasema, "Bado, mama. Nikisikia sauti yake nitasema mengine."

Ghala tulilipangisha kwa mtu wa chakula cha kuku. Magurudumu tuliyatoa nje, fundi baiskeli akachukua ringi. Mama alirudi shambani, akawa anapalilia mbaazi kwa bidii ile ile. Kwenye jumuiya aliendelea kusali kama zamani. Jirani mmoja alimuuliza siku moja, si kwa ubaya, kwa nini anawaombea watu wa baridi wakati walishaacha kununua.

"Baridi haijaisha," mama akamjibu. "Yule mama alisema mwenyewe."

Alianguka shambani. Jirani aliyekuwa akipita alimkuta amekaa chini kati ya mbaazi, mdomo umekwenda upande, anajaribu kusimama kwa mkono mmoja. Walimleta hospitali ya mji kwa bajaji, nami nikatoka darasani nikiwa na chaki mkononi. Daktari alisema ni kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umelala na maneno yamefungwa. Alikuwa akinitazama, na jicho moja likitoa machozi, lakini muuguzi alisema lile jicho hutoa tu machozi lenyewe, nisilichukulie kama kulia. Sikujua nilichukulieje.

Nilimpigia mjomba. Sikumaliza sentensi. Alifika siku hiyo hiyo, buti zina tope la kwao, kofia mkononi. Aliwasalimia wagonjwa wa vitanda vyote kwanza, kama mtu anayechelewesha. Kisha akavuta kiti, akakaa upande ule usiofaa, upande wa mkono uliokufa. Nilimwambia ahame, ili mama amsikie vizuri. Akahama.

"Dada," akasema kwa lugha yetu. Akakohoa. "Nimenunua mbuzi wengine. Si wengi."

Mama alikuwa ametazama dirishani. Nje bodaboda walikuwa wakigombea abiria.

"Mmoja amezaa mapacha. Wote majike." Mjomba alisogeza kiti. "Wanakunywa vizuri. Mama yao hakatai hata mmoja. Watoto wa nyumbani wanagombania kuwabeba. Na lile korongo, dada, halijasogea. Masika yote haya, halijasogea. Nimepanda viazi hadi ukingoni."

Alizungumza hivyo mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Hakutaja sufu wala lori wala siku ile ya tope. Alieleza habari za zizi na shamba, moja baada ya nyingine, kama walivyokuwa wakielezana kwenye simu za Jumapili, ila safari hii sauti ilikuwa moja. Muuguzi alipokuja kututoa, mjomba aliinama akashika mguu wa mama juu ya shuka, akaushikilia kidogo, akatoka mbele yangu.

Mama alifariki kabla ya wiki kwisha. Tulimzika Mutuka, kando ya baba. Wanawake wa karakana walikuja wote, hata yule wa samaki, wakapika, wakaosha vyombo, wakakaa nami. Mgeni nilimpelekea ujumbe. Alijibu kwa maneno mengi mazuri ambayo safari hii sikuwa na mtu wa kumtafsiria.

Mjomba hakuondoka na wengine. Mbaazi za mama zilikuwa zimekomaa na hapakuwa na mtu wa kuzivuna, kwa hiyo tulizivuna sisi, yeye na mstari wake, mimi na wangu. Tulikuwa tumefika katikati ya shamba aliponiuliza, bila kuinua kichwa.

"Pale hospitali. Unadhani alinisikia?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Niliyafikiria macho ya mama, yalivyokuwa yameelekea dirishani muda wote ule, na jicho lile moja.

"Sijui, mjomba," nikasema. "Sikuweza kujua."

Alitikisa kichwa kukubali. Aliendelea kukata mashina, akiyalaza upande mmoja kwa utaratibu, na nilipomfikia mwishoni mwa mstari nilimkuta amesimama akitazama Mlima Kwaraa, mawingu yakiwa yameufunika nusu. Aliniuliza kama nina magunia matupu. Nikamwambia yapo ndani. Akaenda kuyachukua.